Maharage Tunayo, Moto Ndio Hatuna

Saa tatu usiku maharage yalikuwa bado yanagonga ukingo wa kijiko kama kokoto. Kipande cha mwisho cha makala (makaa) kilishageuka jivu kwenye mbabula, jiko letu, umeme uliondoka tangu mchana, na chumba kizima kilinukia kitunguu na nyanya tulizokaanga mapema zikawa zinangoja. Mwenzangu wa chumba, anayesoma udaktari, akachota harage moja, akalitafuna kwa muda, akalitema kiganjani. Akavaa kandambili, akatoka bila kusema kitu. Aliporudi alikuwa na vitumbula vya mama wa pale konani, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la mwanafunzi fulani, mafuta yamepenya mpaka hesabu za upande wa pili zinasomeka.

Tukala vitumbula na chai kavu.

"Na wiki hii ndiyo tulisema tunaanza kula vizuri," akasema.

Tulikuwa tumesema hivyo kwa sababu ya semina moja ya afya tuliyohudhuria pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hapa Kongo. Mtoa mada alikuwa mtu mzuri, mcheshi, anayejua kazi yake. Alituambia kula vizuri si suala la pesa. Maharage, mboga za majani, karanga, matunda ya msimu: vyote viko sokoni kwa bei ya mwanafunzi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Wiki kadhaa sasa maneno yake hayajaniachia nafasi. Kila nikisimama mbele ya meza ya sokoni nayasikia, na kila nikiyasikia nataka kumuuliza swali ambalo siku ile halikunijia.

## Maharage hayana kosa

Kwanza nimpe haki yake. Kwa upande wa lishe hakuna aliposema uongo, na mwenzangu alinichorea jambo hilo nyuma ya syllabus yake nilipoanza kulalamika.

Sisi watu wa Lubumbashi tunaishi kwa unga wa mahindi. Mahindi yana shibe, lakini protini yake ina upungufu wa lisini, moja ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana lisini nyingi. Bukari, ugali wetu, peke yake unaacha pengo, maharage yanaliziba. Unga mweupe tunaoupenda, uliokobolewa na kuchekechwa mpaka ukawa kama poda, umeacha kinuni kiini na maganda, yaani sehemu kubwa ya vitamini na mafuta mazuri. Watu wanaokula mahindi karibu peke yake kwa muda mrefu hupata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika.

Kwa hiyo maharage, sawa. Nani atabisha?

Nilichobisha mimi ni neno "bei".

## Daftari la chumba

Tuko watatu chumbani na tuna daftari moja la matumizi. Huwa tunaandika "chakula" na kuweka jumla. Baada ya usiku ule nikaanza kuandika kwa mistari miwili: kilichoingia tumboni, na kilichoungua ili kiingie tumboni.

Sitawawekea bei hapa, maana kufikia mtakaposoma zitakuwa zimebadilika. Unga wetu mwingi unapitia mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia ikikohoa sisi tunashikwa na homa. Mwaka 2024, ukame ulipowakausha wenzetu mpaka rais wao akatangaza janga la kitaifa, kila mtu hapa alijifunza kuuliza bei ya meka, kipimo chetu cha unga, kabla ya kusalimia. Lakini mpangilio wa mistari ile miwili haujabadilika tangu nianze, na ndio ulionishtua.

Chungu cha maharage kwa watatu: makala yaliyokipika yalizidi bei ya maharage yenyewe.

Nikahesabu tena nikidhani nimechanganya. Hapana.

Kuanzia hapo orodha yote ya vyakula vya bei rahisi ikajipanga upya mbele ya macho yangu. Kapenta wakavu, dagaa wetu, ambao ukiangalia kopo kwa kopo unawaona ghali, wanaiva kabla hujamaliza kusonga bukari, na kwa kuwa unawala wazima, na miiba yao, unapata kalisi humo humo. Wakapanda juu ya maharage. Mayai yakapanda. Hata tomsoni, yule samaki wa barafu ambaye watu wa semina hawamtaji kabisa, hakuwa mbali hivyo, kwa sababu moto wake ni wa dakika chache tu. Lengalenga, yaani mchicha, ikabaki malkia: unaosha, unakatakata, unatia karanga za kutwanga na kitunguu, umemaliza. Sombe, yaani kisamvu, ikaporomoka.

Sombe iniwie radhi. Naipenda kuliko zote, na majani yake yana protini na vitamini A ya kutosha kuaibisha vyakula vingi vya dukani. Lakini majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, yanataka kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu, na hapo hakuna njia ya mkato. Mtu akikuambia anapika sombe kwa robo saa ili kuokoa makala, mshukuru kwa ukarimu wake, ule kwako.

## Mama wa maharage

Kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kuna mama anayeuza maharage karibu na upande wa wauza mafuta. Ana mafungu mengi yaliyopangwa kwa rangi. Nikaenda moja kwa moja kwenye fungu la bei ya chini kabisa, jekundu linaloelekea kahawia.

"Mama, nipimie haya."

Hakushika kopo. Alinitazama.

"Uko mwanafunzi?"

"Ndiyo, mama."

"Na makala uko nayo ya kutosha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua harage moja la fungu lile na jingine la fungu la jirani, akaniwekea yote mawili mkononi, akaniambia nibonyeze kwa ukucha. La bei ya juu kidogo liliacha alama ndogo sana, kama huangalii vizuri huioni. La bei ya chini halikuacha kitu. Ngozi yake ilikuwa imefifia na kuwa nyeusi-nyeusi kwenye kitovu.

"Ile ni ya zamani. Imekaa kwa depo, imeona joto, imeona mvua. Utapika mpaka utachoka. Ndiyo maana bei yake iko chini."

Nilipomhadithia mwenzangu alinithibitishia: maharage yaliyohifadhiwa muda mrefu kwenye joto na unyevu hubadilika ndani yake, maji hayapenyi vizuri, na hata uyachemshe vipi hayalainiki kama mapya. Jambo linajulikana, limeandikwa. Lakini mimi lilinikaa vibaya kwa namna nyingine. Fungu la bei ya chini limewekwa pale kwa ajili ya mtu kama mimi, mwenye makuta kidogo, na mtu huyo huyo ndiye atakayelilipa kwa makala usiku kucha. Mwenye pesa ananunua maharage mapya na anapika kwa muda mfupi zaidi. Pengine anapika kwa gesi.

Nikanunua ya bei ya juu. Mama akaniongezea kiganja kimoja cha bure, akageukia mteja mwingine.

## Moto wa rejareja

Tangu hapo nimewaelewa upya watu wanaokula vitumbula asubuhi na mkate jioni. Zamani niliwaona wavivu. Kuna wengi hapa jirani, hasa wavulana: kitumbula na chai, mkate na chai, siku ya bahati sahani moja ya malewa, vile vibanda vya chakula. Semina ingewaambia wanakula wanga na sukari tupu. Ni kweli. Na chai hiyo wakiinywa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri.

Lakini kitumbula kimeshapikwa.

Mama wa konani ana karai kubwa, anakaanga mamia kwa moto mmoja. Ukinunua kitumbula chake umenunua na sehemu ndogo sana ya makala yake, aliyoyapata kwa bei ya gunia. Sisi tunanunua makala kwenye mfuko mdogo wa plastiki, ambao ukiizidisha bei yake mpaka ifikie gunia zima utataka kulia. Mwanafunzi anayekula vitumbula amepiga hesabu sawasawa, ila ameipiga ya leo tu.

Umeme? Tuna resho, jiko dogo la umeme, ndiyo, kama kila nyumba. Umeme ukirudi, mtaa mzima unachomeka resho kwa pamoja, na hapo kila mtu anajua kinachofuata: giza tena.

## Nkambo na mposho

Jumapili moja nilikwenda Katuba kwa nkambo, mama wa baba, nikiwa bado na daftari langu kichwani. Mume wake alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ya Wabelgiji, kisha wa Gécamines baada ya serikali kuchukua migodi mwaka 1967. Alikula mposho, chakula kilichogawiwa na mwajiri, maisha yake yote ya kazi, na nkambo mpaka leo anaweza kukutajia vilivyokuwamo: unga, maharage, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, samaki au nyama. Ukiangalia orodha hiyo kwa jicho la mtu wa lishe, ni chakula kilichopangwa na mtu mwenye kalamu. Mwajiri alitaka mikono yenye nguvu mgodini, akapiga hesabu ya kinachoiwezesha mikono hiyo. Sina haja ya kuipamba enzi ile. Mzee mwenyewe hakuipamba, na mambo yalipoharibika, mposho ulikonda, ukakoma, mpaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka Gécamines kwa ule mpango ulioitwa wa hiari.

Lakini nilikuwa na swali langu.

"Nkambo, na kuni mlikuwa mnatoa wapi?"

Akanishangaa.

"Kuni? Kuni tulikuwa tunaokota, mwanangu. Pori lilikuwa pale."

Akanyosha kidole upande ambao leo ni nyumba, nyumba, na nyumba.

Msitu wa miombo uliokuwa unaizunguka Lubumbashi umekatwa ukawa makala, na wachomaji wanazidi kwenda mbali. Baiskeli zilizobeba magunia marefu, zinazosukumwa na vijana walioinama mpaka huoni uso, zinatoka mbali kuliko zamani. Ile methali ya kwamba maharage ni nyama ya maskini ilizaliwa pale maskini alipokuwa na pori nyuma ya nyumba. Nadhani hapo ndipo swali langu kwa mtoa mada lilipopata umbo. Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa jikoni la nkambo.

## Blanketi

Hatukuacha maharage. Tulibadilisha namna ya kuyapika, na mengi tuliyatoa kwa mama wa soko na kwa nkambo kuliko kwenye syllabus.

Tunayaloweka usiku kucha, maji yale tunayamwaga. Asubuhi yanapata moto mkali, yanachemka kwa nguvu nusu saa nzima. Nusu saa hiyo mwenzangu haifanyii mzaha: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayokufa kwa mchemko wa kweli tu, na kuyaacha kwenye uvuguvugu bila kuyachemsha kwanza ni kujitafutia kutapika. Baada ya hapo chungu kinafunikwa vizuri, kinashuka kutoka kwenye mbabula na kuingia kwenye katoni lililotandikwa blanketi kuukuu, kinafungwa juu, chini, pembeni. Tunaenda masomoni. Mchana ukikifungua mvuke bado unakupiga usoni, na maharage yamelainika karibu yote. Yanarudi motoni kwa muda mfupi, yanachemka tena, yanakutana na kitunguu.

Bikabonati (soda ya kupikia) tumeikataa. Inalainisha haraka, kila mpishi wa malewa anajua, lakini inaua vitamini B1, na maji yanabaki na ladha ya sabuni. Wenye haraka zaidi yetu wataamua wenyewe.

Daftari likasogea. Mstari wa makala ukapungua kuliko nilivyotegemea, na kwa mara ya kwanza maharage yakarudi karibu na kapenta.

## Chungu kimoja, mikono mingapi?

Chungu kinachopikia watu sita hakili makala mara mbili ya chungu cha watatu. Hii ndiyo siri ya mama wa vitumbula, na ni wazi kwa yeyote. Kwa hiyo tukawaendea wavulana wa chumba cha mbele: tuunganishe makuta, tupike pamoja.

Walikubali siku hiyo hiyo. Makuta walitoa, tena kwa wakati, siwasemi vibaya kwa hilo. Shida ilikuwa mikono. Kuloweka ni sisi, kuwasha ni sisi, kusonga ni sisi, chungu chenye bukari ulioganda chini kinatusubiri sisi. Mmoja wao aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba wao watalipa kidogo zaidi na sisi tuendelee na "mambo ya jikoni". Nilimtazama muda mrefu. Mimi pia nina mtihani, kaka.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulitarajia: aibu. Mgeni akija, maharage yanasukumwa chini ya kitanda, na mtu anatumwa mbio kutafuta kuku wa barafu. Kwa wavulana wale, maharage ni chakula cha internati (shule ya bweni) na cha gereza, ukiyala mbele ya msichana umekwisha. Wiki nzima ya kubana inaweza kuliwa na mgeni mmoja wa Ijumaa. Sijaona semina inayozungumzia mgeni wa Ijumaa, na kwa mwanafunzi wa hapa nadhani anaathiri lishe kuliko vitamini yoyote.

Muungano ule ulivunjika kwa amani. Tumebaki watatu, na binti mmoja wa chumba cha nyuma anakuja na makala yake.

## Majani

Kuna shaka moja sijaimaliza, na inahusu lengalenga, malkia wangu.

Majani tunayokula yanalimwa mjini na kandokando: Kashamata, kando ya mito, kwenye viwanja vilivyo wazi. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na vumbi la moshi wake limekuwa likitua kwenye udongo huu miaka yote hiyo, kabla hujahesabu viwanda vipya. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga: kobalti, risasi, kadimiamu, urani, kwa viwango vya juu mno, hasa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Njia ni nyingi, vumbi la nyumbani likiwemo, na chakula kinachoota kwenye udongo huo ni mojawapo.

Ukiosha majani kwa maji mengi unaondoa vumbi la juu. Kilichonyonywa na mizizi hakitoki.

Nilikaa wiki bila kununua lengalenga, nikitafuta jibu safi. Jibu safi halikuja. Kukosa mboga kunadhuru kwa hakika, na mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza kadimiamu zaidi, kwa hiyo kujinyima majani kwa hofu ya metali si kinga hata kidogo. Nimerudi kununua. Ninauliza yanatoka wapi, ingawa muuzaji hana sababu ya kuniambia ukweli. Ninaosha mara tatu. Ninabadilisha soko. Nakasirika kidogo kila ninapokata, na hasira hiyo sitaki iniishe, kwa sababu hili ni jambo ambalo hakuna mwanafunzi anayeweza kulibania bajeti.

Embe zikianza nitapumzika. Katika mji huu, miti ya maembe ya Desemba iko nyuma ya kila ukuta, na embe halihitaji makala.

Kabla ya hapo kuna mvua. Zikianza, barabara za porini zinakuwa tope na gunia la makala linapanda bei, kwa hiyo tunataka kununua moja zima mwezi huu, tukiwa wanne. Mahali pa kuliweka pakavu tunapo, chini ya kitanda changu. Tunatafuta mtu wa tano wa kuchanga, mvulana au msichana, si kitu. Sharti ni moja: siku ya zamu yake anaosha chungu mwenyewe.